Jaribio la kioo ambacho hakikuvunjika: namna ya kulichambua na kupanga utafiti wa kulifuatia

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili, nasoma saikolojia. Tumepewa kazi ya kuchambua jaribio la Loftus na Palmer la mwaka 1974 kuhusu ushahidi wa macho, kisha tupendekeze utafiti wa kulifuatia. Nimeandika kwamba udhaifu wake ni kutumia wanafunzi tu, na nimependekeza lirudiwe kwa Kiswahili, wanaume walinganishwe na wanawake. Msimamizi amenirudishia karatasi akiwa ameandika pembeni: 'Sababu iko wapi?' Sielewi anataka nini. Naomba msaada."

Marahaba. Msimamizi wako anakuuliza hivi: ni kitu gani ndani ya jaribio lile kinachokufanya udhani kwamba jinsia ya mshiriki itabadili jibu? Katika ulichoandika hakipo. Umetaja udhaifu mmoja, kwamba washiriki walikuwa wanafunzi, halafu ukapendekeza utafiti wa jambo jingine kabisa, tena kwa lugha nyingine. Mambo hayo matatu hayashikani.

Utafiti wa kufuatia huanzia kwenye tundu la ushahidi: mahali ambapo matokeo ya kwanza yanaweza kuelezwa kwa njia mbili, na data iliyopo haiwezi kuamua ipi ni sahihi. Ukilipata tundu hilo, mpango wako wote utajengeka juu yake, kuanzia makundi hadi maswali ya dodoso. Jaribio hili linalo tundu la namna hiyo, na Kiswahili kinaweza kusaidia kuliziba, ila kwa sababu tofauti na uliyoiwaza. Twende taratibu.

Kilichofanyika hasa

Elizabeth Loftus na John Palmer walifanya majaribio mawili katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Wanafunzi wengi huyachanganya, kwa hiyo yatenganishe tangu aya ya kwanza.

La kwanza lilikuwa na wanafunzi 45. Walionyeshwa filamu 7 za ajali za barabarani, kila moja ya sekunde 5 hadi 30, zilizokatwa kutoka kwenye filamu za mafunzo ya usalama wa udereva. Baada ya kila filamu walieleza walichokiona, kisha wakajibu maswali. Swali moja tu ndilo lililokuwa na kazi: magari yalikuwa yakienda kwa kasi gani yalipo… na hapo kitenzi kilibadilika. Vilikuwa vitenzi vitano vya Kiingereza, watu 9 kwa kila kimoja. Waliopewa kitenzi kikali kuliko vyote, "smashed", walikadiria kwa wastani zaidi kidogo ya maili 40 kwa saa. Waliopewa kile cha kugusana tu, "contacted", walikadiria maili 31.8. Cha kawaida, "hit", kilitoa 34.0. Kati ya kitenzi cha juu na cha chini kuna karibu maili 9, yaani kama kilomita 14 kwa saa, kwa ajali zilezile.

Kuna takwimu nyingine katika jaribio hili ambayo wengi huiruka, nami nakusihi usiiruke. Filamu nne kati ya zile saba zilikuwa za ajali za kutengenezwa, kwa hiyo kasi halisi ilijulikana: maili 20, 30, 40 na 40 kwa saa. Makadirio ya wastani ya washiriki yalikuwa 37.7, 36.2, 39.7 na 36.1. Zitazame namba hizo kwa makini. Kasi halisi imepanda maradufu, lakini makadirio yamebaki palepale. Watu hawakuwa na kipimo imara cha kasi vichwani mwao, na mtu asiye na kipimo imara hushika msaada wowote ulio karibu, ikiwemo kitenzi kilicho ndani ya swali. Hoja hii peke yake ina uzito kuliko malalamiko kumi kuhusu "wanafunzi tu".

Jaribio la pili lilikuwa na wanafunzi 150. Filamu moja, chini ya dakika moja, ajali yenyewe ya sekunde 4. Hamsini waliulizwa kasi kwa "smashed", 50 kwa "hit", na 50 hawakuulizwa kasi kabisa. Hawa ndio kundi linganishi. Baada ya wiki moja walirudi, na bila kuiona filamu tena wakajibu maswali 10, moja likiwa: uliona kioo chochote kilichovunjika? Katika filamu hakikuwepo. Waliosema ndiyo walikuwa 16 kati ya 50 kwa "smashed", 7 kwa "hit", na 6 katika kundi linganishi.

Kwa nini jaribio la pili lilihitajika

Hapa ndipo uchambuzi unapoanza, na hapa ndipo alama zilipo. Matokeo ya jaribio la kwanza yana maelezo mawili, na waandishi wenyewe waliyataja. La kwanza: mtu anasitasita kati ya maili 30 na 40, na kitenzi kikali kinamsukuma aandike 40. Kumbukumbu yake haijaguswa. Kilichobadilika ni jibu. La pili: kitenzi kimeingia ndani ya kumbukumbu, na sasa mtu anaikumbuka ajali kubwa kuliko aliyoiona.

Loftus na Palmer waliona kwamba, ikiwa maelezo ya pili ni ya kweli, basi mtu mwenye kumbukumbu ya ajali kubwa atakumbuka pia vitu vinavyoendana nayo ambavyo havikuwepo. Ndiyo maana wakauliza kuhusu kioo, ndiyo maana wakasubiri wiki. Jaribio lao la pili lenyewe ni utafiti wa kufuatia ulio mzuri: limetoka moja kwa moja kwenye utata wa la kwanza. Liige muundo wake wa mawazo kabla hujaiga vifaa vyake.

Swali la kujiuliza sasa: je, jaribio la pili liliumaliza utata ule? Kwa maoni yangu, halikuumaliza.

Tundu lenyewe

Kitenzi "smashed" kwa Mwingereza au Mmarekani hakibebi nguvu ya mgongano tu. Kinabeba pia kuvunjika. Mtu hukitumia kwa sahani, kwa dirisha, kwa chupa. Mshiriki anayekumbuka, hata kwa mbali, kwamba wiki iliyopita aliulizwa kwa neno hilo ana sababu ya kimantiki ya kusema ndiyo kuhusu kioo hata kama hana picha yoyote ya kioo kichwani. Anaunga: nimeambiwa magari yalivunjana, basi lazima kioo kilivunjika. Hilo ni hitimisho, na hitimisho ni kitu tofauti na kumbukumbu iliyogeuzwa. Swali la ndiyo au hapana haliwezi kuvitenganisha, kwa sababu anayekumbuka na anayekisia wote wanaweka alama kwenye kisanduku kilekile.

Hili si pingamizi dogo. Miaka iliyofuata utafiti mwingi ulizunguka hapohapo. Mwaka 1985 Michael McCloskey na Maria Zaragoza walidai kwamba taarifa za uongo haziharibu kumbukumbu ya awali. Walipowapa washiriki chaguo kati ya kitu halisi na kitu kipya ambacho hakikuwa kimetajwa popote, waliopotoshwa walifanya vizuri sawa na wengine. Mwaka 1989 Stephen Lindsay na Marcia Johnson walionyesha kwamba aina ya swali ina nguvu: ukimuuliza mtu kitu hiki kilitoka wapi, kwenye picha au kwenye maelezo uliyosoma, makosa mengi yanayoonekana kwenye maswali ya ndiyo na hapana hupungua sana. Mbinu hiyo ya kuuliza chanzo utaihitaji baadaye, iweke akilini.

Tundu la pili ni la hesabu. Vitabu vingi vinaandika "matokeo yalikuwa na maana kitakwimu" na kupita. Wewe usipite. Ukichukua makundi yote matatu (16, 7, 6), kai mraba, yaani kipimo cha umbali kati ya idadi iliyopatikana na ile ambayo ingetarajiwa kama makundi yangekuwa sawa, ni 7.78 kwa digrii 2 za uhuru (idadi ya makundi toa moja), na thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hiki kwa bahati tu, iko chini ya 0.025. Sawa. Sasa linganisha "smashed" na "hit" peke yake, yaani 16 dhidi ya 7: kai mraba ni 4.57, p karibu 0.03. Ukiweka sahihisho la Yates, linalokifanya kipimo kiwe cha tahadhari zaidi, inashuka hadi 3.61, na p inavuka kikomo cha kawaida cha 0.05. Tofauti ya asilimia ni 32 toa 14, yaani pointi 18, lakini kwa uhakika wa asilimia 95 tofauti halisi inaweza kuwa popote kati ya pointi 2 na 34. Kwa watu 50 kila kundi hakuna namna ya kuipata kwa karibu zaidi. Piga hesabu hizi mwenyewe kwa kalamu. Ni dakika 10, na uchambuzi wako utaacha kuwa nakala ya kitabu.

Tazama pia kwamba 7 na 6 ni sawa tu. Kitenzi cha kawaida hakikufanya lolote zaidi ya kutoulizwa kabisa. Athari yote imebebwa na kitenzi kimoja, na ndicho hichohicho chenye maana ya kuvunja.

Wapo watakaokujibu kwa jedwali la waandishi lililowapanga washiriki kwa kasi waliyoikadiria. Kwa waliokadiria maili 1 hadi 5, ndiyo za kioo zilikuwa asilimia 9 kwa "smashed" na 6 kwa "hit". Maili 6 hadi 10, asilimia 27 na 9. Maili 11 hadi 15, 41 na 25. Maili 16 hadi 20, 62 na 50. Yaani hata kwa kasi ileile iliyokadiriwa, kitenzi kikali kilizaa ndiyo nyingi zaidi. Jedwali linavutia, ila lina tatizo: watu hawakupangwa kwenye madaraja ya kasi kwa bahati nasibu. Walijipanga wenyewe baada ya kitenzi kuwagusa, kwa hiyo aliyekadiria maili 8 baada ya kuulizwa kwa "smashed" huenda ni mtu wa aina tofauti na aliyekadiria maili 8 baada ya kuulizwa kwa "hit". Tena, watu 50 wakigawanywa madaraja manne, kila daraja linabaki na wachache sana.

Na wanafunzi? Pingamizi lako si baya, halijakamilika tu. Useme wanafunzi wanabadili matokeo kuelekea upande gani, na kwa njia ipi. Kwa mfano: vijana wengi hawana uzoefu wa udereva, kwa hiyo makadirio yao ya kasi ni dhaifu, kwa hiyo kitenzi kinawasukuma zaidi kuliko kingemsukuma dereva wa miaka 20. Hapo una utabiri unaoweza kupimwa. Kuhusu uhalisia, taja utafiti wa Yuille na Cutshall wa 1986 huko Kanada: mashahidi 13 wa tukio halisi la kupigana risasi walihojiwa miezi 4 hadi 5 baadaye, na maswali elekezi hayakuwapotosha kama ilivyotarajiwa. Sentensi mbili zinatosha.

Utafiti ninaokupendekezea

Swali la utafiti liwe hili: kitenzi kikali kinapoongeza ndiyo za kioo, je, watu wanadai wamekiona, au wanakisia?

Kitu unachobadilisha, yaani kigeu huru, kiwe kimoja tu: kitenzi ndani ya swali la kasi. Makundi mawili yanatosha. Kundi linganishi la tatu lilileta namba ileile ya "hit", na ukiliacha unaokoa theluthi ya washiriki. Liandike hivyohivyo kwenye pendekezo, ukitoa sababu ya namba 7 na 6, ili msimamizi asidhani umelisahau.

Sasa Kiswahili. Faida yake hapa ni kwamba unaweza kutafuta kitenzi chenye nguvu bila kubeba maana ya kuvunja. "Yalipogongana" ndilo neno la kawaida. Ndilo la askari wa usalama barabarani, ndilo la taarifa ya habari. Hilo ni la kundi la chini. Kwa kundi la juu una wagombea kadhaa: yalipobamizana, yalipoparamiana, yalipokumbana, yalipovaana. Usichague kwa kukisia ukiwa mezani. Chukua watu 30 ambao hawatashiriki utafiti mkuu, wape sentensi moja kwa kila kitenzi, na waombe alama mbili za 0 hadi 10: nguvu ya mgongano, na uwezekano kwamba kuna kitu kilivunjika. Tafuta kitenzi kinachoizidi "yalipogongana" waziwazi kwenye alama ya kwanza na kuwa nacho karibu sawa kwenye ya pili. Hao 30 watoke eneo moja na washiriki wako. Kitenzi ambacho Dar es Salaam ni kikali, Mombasa kinaweza kusikika cha ajabu, na neno la ajabu humfanya mshiriki aanze kujiuliza unatafuta nini. Kwa sababu hiyohiyo "yalipogusana" haifai: akiwa ametoka kuona magari yakigongana, atahisi swali lina kasoro.

Kama hakuna kitenzi kinachotimiza masharti yote mawili, chagua kilichokaribia na uziripoti alama zote mbili. Usibadili mpango kwa kuongeza kielezi, kama "yalipogongana vibaya". Hapo utakuwa umempa mshiriki taarifa mpya ya wazi, na hilo ni jaribio jingine.

Video iwe ya sekunde 30 hadi 60, mgongano wa kasi ndogo, hakuna majeruhi, hakuna kioo kilichovunjika. Izime sauti, kwa sababu kishindo chenyewe kinaweza kumfanya mtu aamini kioo kimevunjika bila msaada wa kitenzi chako. Kabla ya kuitumia, kaa na watu wawili muitazame polepole, fremu kwa fremu, mkihakikisha hakuna kitu kinachong'aa barabarani kikadhaniwa vipande vya kioo. Usichukue video za ajali halisi zinazosambazwa kwenye simu. Zina watu walioumia, na baadhi ya washiriki watakuwa wameshaziona.

Siku ya kwanza, mshiriki anatazama video mara moja, anaandika alichokiona kwa dakika 5, kisha anajibu maswali 10. Swali la kasi liwe la 6 au la 7. Mengine yote yawe sawa neno kwa neno katika makundi yote mawili. Weka "kilomita kwa saa" zikiwa zimechapwa mbele ya nafasi ya jibu, la sivyo utapata "mwendo mkali" na "kama 3". Karatasi za vitenzi viwili zichanganywe kabla, kwa mafungu ya nne nne, mbili za kila aina kwa mpangilio wa bahati nasibu, ndani ya bahasha. Anayezigawa asijue kilichomo.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye mapendekezo ya wanafunzi ni kulipa darasa moja kitenzi kimoja na darasa jingine kitenzi cha pili kwa sababu ni rahisi kugawa. Ukifanya hivyo huwezi kutenganisha kitenzi na darasa: mwanga wa projekta, saa ya siku, mtu aliyecheka wakati wa video. Gawa kwa mtu mmoja mmoja ndani ya ukumbi uleule, na uwaketishe mbalimbali ili jirani asilione neno lililo kwenye karatasi ya mwenzake.

Baada ya siku 7 wanarudi. Wape vitu 10 vya kujibu ndiyo au hapana. Vinne viwe vilivyokuwepo kweli, ili wasigundue kwamba jibu ni hapana kila mara. Vitatu viwe vya ukubwa wa ajali ambavyo havikuwepo: kioo kilichovunjika, bampa lililong'oka, mafuta yaliyomwagika. Vitatu vya mwisho viwe vya pembeni ambavyo navyo havikuwepo: mwendesha baiskeli, mbwa, taa za kuongozea magari. Kundi la mwisho ndilo litakaloonyesha kama kitenzi kinawafanya watu waseme ndiyo kwa kila kitu. Mpangilio wa maswali ubadilike kwa kila karatasi.

Angalia namna ya kuuliza. "Je, uliona kioo chochote kilichovunjika?" inafaa. "Je, ulikiona kioo kilichovunjika?" haifai, kwa sababu ile -ki- inachukulia kwamba kioo kilikuwepo, na utakuwa umeongeza uelekezi wa pili bila kukusudia. Loftus na Guido Zanni walionyesha mwaka 1975, kwa Kiingereza, kwamba hata tofauti ndogo kama hiyo huongeza ndiyo za uongo.

Kisha, ukurasa unaofuata, ambao mshiriki haufungui mpaka amalize wa kwanza, ndio moyo wa utafiti huu. Kwa kila ndiyo aliyoiweka, anachagua chanzo: (a) nakikumbuka nilivyokiona kwenye video, (b) sina picha yake, ila ajali ile ilikuwa ya namna ambayo lazima kilikuwepo, (c) nilikisia tu, (d) nadhani kilitajwa kwenye maswali ya kwanza. Lindsay na Johnson walitumia swali la chanzo badala ya swali la ndiyo; hapa unayaweka yote mawili kwa mfuatano, ili upate matokeo yanayolinganishika na ya 1974 na pia mgawanyo wa vyanzo kwa watu walewale. Mfuatano huo una hasara: ukurasa wa pili unaweza kumtia mtu shaka na kumfanya arudi nyuma. Ndiyo maana karatasi ya kwanza ikusanywe kabla ya ya pili kutolewa.

Washiriki wangapi

Ili kuigundua tofauti ya asilimia 32 na 14, kwa uwezo wa asilimia 80 (yaani nafasi 80 kati ya 100 za kuiona tofauti ikiwa ipo kweli) na kiwango cha p 0.05, unahitaji watu wapatao 82 kila kundi. Hawatarudi wote baada ya wiki. Ukitarajia asilimia 15 wapotee, anza na 97 kila kundi, jumla 194. Kumbuka hata hivyo kwamba matokeo ya kwanza yaliyochapishwa mara nyingi huwa makubwa kuliko hali halisi. Tofauti halisi ikiwa asilimia 26 na 14, idadi inapanda hadi 171 kila kundi kabla ya kufidia wanaopotea. Ukiwa na uwezo wa watu 100 tu kila kundi, andika waziwazi kwamba utaweza kuona tofauti ya pointi 16 au zaidi, na kwamba ndogo kuliko hiyo inaweza kukupita. Wasahihishaji huipenda sentensi hiyo, na wana haki.

Usitumie wanafunzi wenzako wa saikolojia. Jaribio hili wamelisoma. Kwa wengine wote, weka swali la mwisho: umewahi kusikia kuhusu utafiti unaofanana na huu? Amua kabla ya kukusanya data kwamba watakaoeleza kwa usahihi wataondolewa.

Uchambuzi wa data

Kipimo kikuu kiwe kimoja, nacho ukitaje kabla ya kuanza: asilimia ya washiriki wote wa kila kundi waliosema ndiyo kwa kioo na kuchagua chanzo (a). Kinachofuata ni ndiyo za kioo kwa ujumla, ili ulinganishe na jaribio la 1974. Vitu vitatu vya ukubwa wa ajali vijumlishe kuwa alama ya 0 hadi 3, na vitatu vya pembeni vivyo hivyo. Ukipima kila kitu peke yake kisha ukatangaza kilichotoka vizuri, utapata matokeo ya bahati. Tumia kai mraba kwa jedwali la 2 kwa 2. Seli yoyote ikitarajiwa kuwa na watu chini ya 5, tumia kipimo cha Fisher, kinachofaa kwa idadi ndogo. Ripoti tofauti ya asilimia pamoja na kiwango chake cha chini na cha juu, usiishie kwenye p.

Kwa makadirio ya kasi, chora mchoro kwanza. Watu hupenda kuandika 40, 50, 60 au 80, na mmoja akiandika 180 ataharibu wastani wa kundi zima. Wastani na kati (thamani inayoangukia katikati majibu yakipangwa kwa ukubwa), vyote viwili, viripotiwe.

Andika pia, kabla ya data, kila tokeo litamaanisha nini. Kitenzi kikali kikiongeza (a), watu wanadai wameona, na maelezo ya Loftus na Palmer yanapata nguvu, tena bila msaada wa neno lenye maana ya kuvunja. Kikiongeza (b) na (c) peke yake, ndiyo zile ni hitimisho. Kikiongeza hata mbwa na mwendesha baiskeli, ni mwelekeo wa kukubali tu. Na kisipoongeza chochote, kuna uwezekano wa aina mbili: kitenzi chako hakikuwa kikali vya kutosha, au athari ya 1974 ilitegemea maana ya kuvunja. Alama za wale watu 30 wa awali, pamoja na makadirio ya kasi, ndizo zitakazokusaidia kuamua. Kama kasi imepanda lakini kioo hakikupanda, kitenzi kilifanya kazi yake, na hilo ni tokeo linalostahili kuandikwa.

Maadili yasiwe aya ya kujazia nafasi. Wengi wetu tuna ndugu aliyeumia barabarani. Fomu ya ridhaa iseme kwamba kuna video ya ajali isiyo na majeruhi, na kwamba mtu anaweza kuondoka wakati wowote bila kueleza sababu. Swali elekezi hulitaji mapema, kwa hiyo siku ya mwisho lazima uwaeleze ukweli wote, uwaonyeshe video tena wajionee kwamba kioo hakikuvunjika, na uwaruhusu kuondoa majibu yao. Majina yasikae pamoja na majibu; tumia namba za siri kuunganisha siku mbili. Ukitaka kuufanya utafiti huu kweli, kibali cha kamati ya maadili ya chuo kinakuja kabla ya mshiriki wa kwanza.

Jinsia unaweza kuiandika kwenye taarifa za mshiriki, lakini usiiwekee nadharia tete. Ukitaka kulinganisha aina mbili za watu, linganisha wenye leseni ya udereva wanaoendesha kila wiki na wasiowahi kuendesha. Hapo jibu la "Sababu iko wapi?" unalo tayari, nalo liko kwenye zile namba nne za makadirio ya kasi. Aya yako inaweza kuanza hivi: "Kwa kuwa katika jaribio la kwanza makadirio ya washiriki hayakupanda pamoja na kasi halisi, inatarajiwa kwamba watu wenye kipimo bora cha kasi hawataathiriwa na kitenzi kwa kiasi kikubwa kama wengine, kwa hiyo utafiti huu utarekodi uzoefu wa udereva na kuuchambua kama swali la pili."

Andika upya kurasa zako kwa mpangilio huo, anza na tundu lenyewe, kisha mpelekee msimamizi kabla hujatengeneza dodoso.